Kiti cha tatu mbele ya filamu za ugenini

Shangazi yangu hakuimaliza Pather Panchali. Aliondoka pale ambapo bibi kizee Indir anafukuzwa nyumbani na furushi lake mkononi, akaenda jikoni kutazama wali, na aliporudi hakuketi tena. Alisimama nyuma ya kochi, akaikodolea macho kompyuta yangu kwa muda, kisha akauliza bila ukali wowote: "Sasa hawa wanapigwa picha ili iweje, mwanangu? Shida si tunazijua?"

Nilikuwa nimeichagua filamu ile kwa hesabu. Shangazi ni mtu wa Tanga, wa kizazi kilichokwenda sinema kwa nguo za kutokea, na picha za Kihindi za zamani anazijua kwa nyimbo zake. Nilidhani filamu ya India ya mwaka 1955, isiyo na rangi na yenye muziki wa Ravi Shankar, ingemrudisha ujanani. Haikumrudisha popote. Hakuna anayeimba akizunguka mti, hakuna mpenzi wa kusubiriwa, na hata lugha yake ni Kibengali, ambacho masikio yake hayakukizoea.

Katika kujitetea nilimwambia kwamba filamu hii inahesabiwa miongoni mwa filamu bora kabisa zilizowahi kutengenezwa duniani.

Akauliza, "Na nani?"

## Mashitaka ya Nargis

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kisha, nikiwa katika kusoma habari za maisha ya Satyajit Ray, mwongozaji wa filamu ile, nikakuta kwamba jambo alilolisema shangazi lilikwisha kusemwa bungeni, tena na mtu ambaye yeye mwenyewe angemsikiliza kuliko angenisikiliza mimi. Mwaka 1980 Nargis, akiwa mjumbe wa Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India, alimshutumu Ray kuwa anausafirisha umaskini wa India nje ya nchi, na kwamba filamu zake zinapendwa Magharibi kwa sababu watu wa huko wanataka kuiona India katika hali ya unyonge. Alipoulizwa ni India ipi basi ambayo angependa ionyeshwe, alitaja mabwawa.

Ni Nargis yule yule. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Awaara ya mwaka 1951, aliyoigiza pamoja na Raj Kapoor, ilijaza watu katika kumbi za Unguja, na wapo wazee ambao ukiwaanzishia wimbo wake leo watakumalizia beti bila kujua hata neno moja la Kihindi.

Nilicheka, kwa kuwa jibu lilionekana kuwa jepesi mno. Filamu iliyompa Nargis heshima kubwa kuliko nyingine zote ni Mother India ya mwaka 1957, na humo anaigiza mwanamke wa kijijini anayevuta jembe kwa mabega yake mwenyewe, anayepoteza watoto katika mafuriko na njaa, na anayeandamwa na mkopeshaji riba miaka nenda miaka rudi. Ukipima dhiki kwa ratili, Mother India inaizidi filamu ya Ray mara nyingi. Tena yenyewe ndiyo filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, kwa hiyo kama ni kusafirisha, nayo ilisafirishwa.

Tofauti iko mahali pengine. Mother India inaanza na mama mzee akiombwa afungue mfereji wa maji, matrekta yakiwa shambani na vijana wa chama wakiwa wamemzunguka. Dhiki yote tutakayoiona baada ya hapo ni ya zamani, imekwisha, na aliyeimaliza anajulikana. Katika Pather Panchali hafiki mtu wa kuokoa. Baba anakwenda mbali kutafuta riziki, anarudi na sari aliyomnunulia bintiye Durga, na Durga amekwisha kufa. Mama analia, lakini kilio chake hatukisikii. Ray amekiondoa na mahali pake ameweka sauti kali ya ala ya nyuzi. Kisha familia inapanda mkokoteni wa ng'ombe na kuhama kuelekea mji wa Benares, na nyoka anaingia katika nyumba waliyoiacha.

Nadhani kilichomuudhi Nargis hakikuwa umaskini. Kilikuwa umaskini usio na bwawa mwishoni.

(Jambo la kuchekesha ni kwamba Ray alipoishiwa fedha, baada ya kuweka rehani hata vito vya mkewe, aliyemwezesha kumaliza ni serikali ya jimbo la Bengali Magharibi, na fedha zile ziliingizwa katika vitabu kama matumizi ya kuboresha barabara. Nargis alitaka mabwawa. Barabara walikuwa wamekwisha kumpa.)

## Mapanki

Ningeweza kuishia hapo na kumpa Ray ushindi, na kwa siku kadhaa ndivyo nilivyofanya moyoni. Kilichonivuruga ni kumbukumbu ya mwaka 2006, tulipokuwa sisi ndio tunaopigwa picha.

Darwin's Nightmare, ya Mwaustria Hubert Sauper, ilitoka mwaka 2004, na inahusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria jijini Mwanza. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki hao, yanabaki kwa wenyeji, na filamu inadokeza kwamba ndege hizo haziji tupu bali huja na silaha. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na kule Mwanza watu waliandamana kuipinga. Najua kwamba hiyo ni filamu ya habari za kweli, wala si ya kuigiza, na kwa hiyo mizani yake ni nyingine. Mtu anayesema "hiki ndicho kilichotokea" anadaiwa ushahidi kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi hadaiwi. Lakini hasira haichagui aina ya filamu, na mimi nilikasirika kama walivyokasirika wengine.

Niliyajua mapanki kama kitu cha kukaangwa na kuuzwa, chenye wateja wake, bei yake na wachuuzi wanaogombea nafasi ya kuyapanga. Filamu iliyaonyesha yakiwa yameanikwa, yenye funza, katika mwanga ambao mtu aliyeketi Paris asingeweza kuyaona isipokuwa kama takataka ambazo binadamu wameshushwa hadi kuzila. Hakuna kilichobuniwa katika picha zile, funza walikuwapo. Ila mwanamke aliyesimama kati ya mapanki yale hakuulizwa jambo lolote ambalo halikuhusu mapanki. Karibu kila mtu katika filamu ile yumo kama kielelezo cha kesi iliyokwisha kuandikwa kabla hajafika.

Kwa mara ya kwanza nilimwelewa Nargis. Nilielewa pia kwamba kosa lake halikuwa kuuliza swali lile, kwa sababu swali ni halali kabisa. Kosa lake ni kulielekeza kwa mtu asiyestahili.

Nilirudi kuitazama Pather Panchali peke yangu, safari hii nikimtafuta mtu aliyewekwa mle kama kielelezo, na sikumpata. Mama, Sarbajaya, ni maskini, lakini pia ni mchoyo, na anamfukuza bibi kizee kwa sababu ndogo ndogo za jikoni ambazo kila aliyelelewa katika nyumba yenye wakwe na mawifi anazijua. Bibi naye si mtakatifu. Anadokoa vyakula na kujifanya hakuelewa anapogombezwa. Durga anaiba mapera katika bustani ya jirani. Kuna kipande ambapo muuza pipi anapita na vyungu vyake begani, watoto wawili wasio na hata senti wanamfuata kuelekea nyumba ya matajiri, mbwa anawafuata watoto, na msafara mzima unaonekana kichwa chini katika maji ya bwawa. Ray anaupa msafara ule muda wote unaoutaka. Mtu anayetaka kumuuzia mgeni njaa hawezi kupoteza muda kwa mbwa.

Na mkufu. Durga alishitakiwa kwamba ameiba mkufu wa shanga, akakana hadi mwisho. Baada ya kufa kwake, mdogo wake Apu anaukuta umefichwa ndani ya kifuu juu ya rafu, anakimbia nao hadi bwawani na kuutupa, na magugu ya maji yaliyoachana yanarudi kufunika. Hakuna anayejua isipokuwa yeye na sisi. Sijaona filamu nyingine inayomwachia marehemu maskini haki ya kuwa aliiba kweli, kisha ikamsitiri.

## Viti viwili

Tangu hapo nilianza kusoma uhakiki wa filamu kwa jicho lingine, hasa uhakiki wa filamu za kuigiza kutoka nchi ambazo si Marekani wala za Ulaya. Ninachokiona ni kwamba mjadala wake karibu wote unafanyika kati ya viti viwili. Kiti cha kwanza amekalia mhakiki wa Magharibi, anayesifu au kuponda akiwa kwenye tamasha. Kiti cha pili amekalia mhakiki wa nyumbani, anayemtazama mhakiki wa kwanza kuliko anavyoitazama filamu, na kazi yake kubwa ni kukisia yule ameona nini, amecheka wapi, na ametuonaje.

Wa kwanza, kwanza kabisa, si mmoja. Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki mkuu wa The New York Times, aliiandikia Pather Panchali mwaka 1958 kwa ubaridi na kuiona kama kazi ambayo haijamalizwa kuhaririwa. Kwa upande mwingine, filamu ile ilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1955, lakini mwezi Agosti mwaka huo huo iliingia katika kumbi za Kolkata, ikaanza polepole, kisha ikajaza watu, na tuzo ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilikuja mwaka uliofuata. Wabengali hawakungoja kuambiwa na Mfaransa kwamba wana filamu nzuri. Kwa hiyo hadithi ya kwamba Magharibi ilipenda na nyumbani walidhalilika haisimami ukiigusa.

Lakini mimi si wa kiti cha kwanza wala cha pili.

Mimi ni mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ninayetazama filamu ya Kolkata, ya Tehran, ya Meksiko au ya Beirut, na katika maandishi yote ya wahakiki sijawahi kukuta mtu aliyenihesabu. Filamu inaitwa ya kimataifa kwa sababu imefika Ulaya na Marekani. Ikifika Tanga haiongezewi jina. Hata hivyo kiti hiki cha tatu kina kuona kwake, na kinapitwa na mambo yake pia: nilihitaji kusoma ili nitambue uzito wa ukweli kwamba familia ya Apu ni ya Kibrahmani, kwamba ufukara wao ni wa watu wa tabaka la juu, na hilo linabadilisha namna Sarbajaya anavyoinua kichwa mbele ya jirani. Hapo mhakiki alinifaa sana. Kuna mahali pengine ambapo nilihisi ningeweza kumfaa yeye.

## Kushika msahafu

Mahali penyewe ni katika A Separation ya Asghar Farhadi, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2011 na Oscar mwaka 2012. Nimesoma wahakiki wengi wa Magharibi walioisifu, na sifa zao kubwa zilikuwa juu ya ufundi wa kufichua siri kidogo kidogo, kana kwamba ni hadithi ya upelelezi. Nimesoma pia malalamiko ya wahakiki wa Iran walio karibu na watawala, waliosema kwamba tuzo zile zimetolewa kwa sababu filamu inaichora nchi yao vibaya, nchi ambayo mke anataka kuihama. Kiti cha kwanza na cha pili, kama kawaida.

Sasa tazama kinachotokea karibu na mwisho. Razieh, mwanamke maskini aliyeajiriwa kumwangalia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, amepoteza mimba, na mwajiri wake Nader anashitakiwa kwamba alimsukuma mlangoni akaanguka. Mambo yanafikia kwenye suluhu ya fedha. Watu wamekusanyika sebuleni kwa Razieh, wadai wa mumewe wamekuja wakingojea chao, hundi zinaandikwa. Nader anaomba jambo moja tu kabla ya kulipa: Razieh aape kwa Kurani kwamba yeye, Nader, ndiye aliyesababisha.

Nilipofika hapo nilishika kichwa. Sikuhitaji kuelezwa lolote. Kila mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja amewahi kuona au kusikia mgogoro wa shamba, wa deni au wa dhahabu iliyopotea ukifikishwa hapo, na anajua kwamba pindi msahafu unapotajwa chumba hubadilika. Mtu anayeweza kusema uongo mbele ya hakimu kwa miaka mitatu hurudi nyuma anapoambiwa auguse. Razieh ana shaka. Siku moja kabla aligongwa na gari, na hajui mimba iliharibiwa na lipi. Anaogopa kwamba fedha zile zikiwa haramu, balaa litampata binti yake mdogo. Anakimbilia jikoni, mumewe anamfuata na kumsihi aape tu, dhambi iwe juu yake yeye. Hawezi.

Baadhi ya maandishi niliyoyasoma yalilieleza tukio hili kama mgongano wa dini na usasa, au wa matabaka mawili ya Tehran. Si uongo, lakini ni maelezo ya mtu aliyesimama mlangoni. Razieh hashindwi na dini ya wengine. Anashindwa na kutokuwa na yakini, na yeye ndiye mtu pekee katika filamu nzima ambaye kutokuwa na yakini kunamzuia kusema. Nader ni msomi, ana hoja nzuri, na mapema alisema uongo mbele ya hakimu bila mkono kutetemeka. Filamu inampima kwa kipimo chake mwenyewe alichokileta mezani, na haisemi neno.

Hapa ndipo ninapopata kipimo changu, kama ninacho. Farhadi hakumfafanulia mgeni kiapo kile. Hakuweka mhusika wa kuuliza "kwa nini anaogopa?" ili sisi wengine tujibiwe. Aliiacha hofu ya Razieh iende kwa wanaoijua, wasioijua wafuate kwa nyuma kadiri watakavyoweza. Hivyo ndivyo ninavyotambua kwamba filamu haikutengenezwa kwa ajili ya kiti cha kwanza, hata kama kiti hicho ndicho kilichosimama kuipigia makofi. Natamani siku moja nisome uhakiki wa A Separation ulioandikwa na karani wa mahakama ya kadhi, wa Zanzibar au wa Mombasa, ambaye ameona watu wangapi wakiufikia msahafu na kuurudisha mkono.

## Uhakiki wa bandani

Wapo watakaosema kwamba sisi hatuna wahakiki wa namna hiyo. Tunao, ila hawaandiki. Kwa miaka mingi kwenye mabanda ya video filamu za nje zimekuwa zikitazamwa kwa sauti ya mtu anayezifasiri kwa Kiswahili, na mtu huyo hafasiri tu. Anamkaripia mhusika mjinga, anatabiri atakayesalitiwa, anapachika jina la mtaa tunaoujua, na pale ambapo mwongozaji amemwonea mtu huruma isiyostahili, yeye hamwonei. Nimewahi kusikia filamu nzito ya Kikorea ikigeuzwa kichekesho kwa sababu mfasiri hakukubaliana na mama mkwe. Wasomi huona aibu juu ya jambo hili. Mimi naona kwamba yule kijana mwenye kipaza sauti ndiye mtu wa kwanza aliyekikalia kiti cha tatu bila kuomba ruhusa.

## Chai ya daktari

Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018, ilinigawa.

Mhakiki Richard Brody wa The New Yorker aliishutumu kwa jambo moja zito: kwamba Cleo, msichana wa Kimixteki, jamii ya wenyeji wa asili wa Meksiko, anayefanya kazi katika nyumba ya familia yenye nafasi jijini Mexico City, amenyimwa sauti, kwamba hatuambiwi maisha yake ya kijijini, mawazo yake, wala maoni yake juu ya hao anaowatumikia, na hivyo anabaki kuwa sura ya mtu mvumilivu na mkimya ambayo waajiri wamezoea kuipenda. Wengi waliosifu filamu ile waliiita barua ya mapenzi kwa mwanamke aliyemlea mwongozaji, na kwa kweli Cuarón aliitoa kwa heshima ya yaya wake. Nilimsoma Brody nikitaka kumpinga, na sikuweza kumpinga moja kwa moja.

Kuna tukio la mapema ambapo familia inatazama televisheni. Cleo, aliyekuwa akikusanya vyombo, anachutama sakafuni kando ya kochi, na mtoto mmoja anamwekea mkono begani. Kwa dakika moja hivi yeye ni mtu wa nyumba ile. Kisha bibi mwenye nyumba anamwomba alete chai ya daktari, yaani ya mumewe, naye ananyanyuka. Mtoto anabaki na mkono wake.

Ni nani kati yetu, tunaokaa Dar es Salaam au Nairobi na kuwa na muda wa kuhakiki filamu, ambaye hajaiona sebule hiyo? Dada wa kazi anatazama tamthilia kutoka mlangoni, nusu ndani nusu nje, na anaitwa katikati ya sehemu nzuri. Mwenye nyumba akiulizwa kwao ni wapi atajibu jina la mkoa. Akiulizwa mama yake anaitwa nani, hajui. Lakini usiku dada huyo yuko kwenye simu, anaongea Kihehe au Kinyaturu kwa kasi, anacheka kicheko ambacho nyumba haijawahi kukisikia mchana. Cleo na mwenzake Adela wanafanya hivyo hivyo kwa Kimixteki katika chumba chao cha uani, na ni huko ndiko tunakosikia, kwa kupita tu, kwamba shamba la mama yake limechukuliwa.

Kwa hiyo ukimya ule ninausoma tofauti na Brody. Filamu inasikia kile ambacho nyumba inasikia, na nyumba husikia kidogo. Mwongozaji ni mtoto wa sebuleni, si wa chumba cha uani, na hakujifanya vinginevyo. Ninachokubaliana na Brody ni kwamba hilo lina gharama, na anayelipa gharama ni Cleo. Baada ya yeye, asiyejua kuogelea, kuingia katika mawimbi na kuwatoa watoto wa watu, familia nzima inamkumbatia pale mchangani, na picha ile ikawa tangazo la filamu. Wahakiki walioishia kwenye kumbatio lile waliona upendo. Walipaswa kuendelea hadi wanaporudi mjini, ambapo Cleo anapanda ngazi na kwenda juu darini na nguo za kufua. Filamu inaijua ngazi ile. Mashabiki wake ndio waliotoka ukumbini mapema.

Je, natetea filamu au naitetea sebule yangu? Nimejiuliza, na sina jibu la kuridhisha.

## Picha ya hati

Iliyobaki ni Capernaum ya Nadine Labaki, ya mwaka 2018 pia, iliyopata Tuzo ya Jopo la Waamuzi huko Cannes, na ambayo baadhi ya wahakiki waliishambulia kwa maneno makali kuliko yale ya Nargis. Mvulana wa mitaa ya Beirut, Zain, asiye na cheti chochote, anawashitaki wazazi wake kwa kumzaa. Mimi huo mfumo wa mahakamani siupendi. Kila tunaporudi mbele ya jaji, mateso yanageuzwa kuwa hotuba, na hotuba zile zimeelekezwa kwetu, si kwa jaji. Hapo wahakiki walioishambulia wako sahihi: filamu inajieleza kwa mgeni.

Lakini katikati yake imo filamu nyingine. Rahil, mwanamke wa Ethiopia mwenye kitambulisho cha kughushi, anamficha mwanawe mchanga chooni kazini kwake na kumtoa akiwa ndani ya toroli. Anapokamatwa, Zain anabaki na kichanga kile ndani ya kibanda. Anakitembeza kwenye sufuria iliyofungwa juu ya ubao wenye magurudumu. Wakati mmoja anaelekeza kioo dirishani ili televisheni ya jirani ionekane, na kwa kuwa sauti haifiki, anawawekea katuni maneno yake mwenyewe. Nilipoliona hilo niliwakumbuka wafasiri wa mabandani.

Niliitazama mara ya pili na dada mmoja jirani yetu, aliyewahi kufanya kazi za ndani Muscat. Kiarabu cha Beirut si cha Oman, lakini alikipata kwa nusu na zaidi, na alikuwa akicheka sekunde kadhaa kabla yangu mimi niliyekuwa nikisoma maandishi chini ya skrini. Kuhusu Rahil hakutoa maelezo mengi. Alisema tu kwamba yule wakala wa hati sokoni, anayetaka kulipwa kwa mtoto, amepunguzwa makali.

Filamu inaisha kwa Zain kupigwa picha ya hati zake na kutabasamu, uso wake ukijaza skrini nzima. Nilimwambia dada yule kwamba tabasamu lile silikubali, kwamba limewekwa ili sisi watazamaji tuondoke tukiwa tumesamehewa. Alinishangaa. Mtoto hakuwa na karatasi hata moja, sasa anapata, wewe ulitaka anune? Nikamweleza kwamba sizungumzii mtoto, nazungumzia kamera. Akasema kamera ya hati ndivyo inavyokaa, usoni kabisa. Hatukuelewana, na hadi leo mimi naona picha ile imekawia kuliko ilivyohitajika, yeye anaona sivyo. Kuhusu mahakama hatukuwa na ubishi: simu ilikuwa mkononi mwake, na kila jaji alipotokea, aliirusha sehemu ile mbele.